Taa ya Injini na Msimbo P0420: Kuupima Moshi Kabla ya Kununua Kipuri

Magari mengi ya petroli yanayoletwa Unguja kutoka Japani, baada ya kutumika huko kwa miaka kadhaa, yana taa ndogo ya manjano yenye umbo la injini katika dashibodi. Ufunguo unapozungushwa taa hiyo huwaka, na injini inapoanza kunguruma huzimika. Ikiendelea kuwaka njiani, maana yake ni kwamba kompyuta ya injini imeona jambo lisilo la kawaida, aghalabu katika mitambo ya kupunguza sumu ya moshi, na imeliandika jambo hilo katika kumbukumbu yake kwa msimbo wa herufi moja na tarakimu nne.

Taa hii imezua desturi mbili, na zote mbili ni mbaya. Ya kwanza ni kuipuuza. Wako hata wanaoifunika kwa kipande cha utepe mweusi. Ya pili ni kuuamini msimbo kupita kiasi: kifaa cha kusomea msimbo kinachomekwa, jina la kipuri linaonekana, na kipuri hicho kinanunuliwa siku ile ile. Desturi hii ya pili ina sura ya kisayansi, na kwa sababu hiyo humgharimu mwenye gari fedha nyingi zaidi. Mfano mzuri wa kuonyesha kosa lake ni msimbo P0420, ambao huwafanya watu wanunue kipuri cha ghali mno katika bomba la moshi, au wakikate na kukitupa, hali wakati mwingine kipuri hicho kingali kizima.

Ili kuuelewa msimbo huo hapana budi kuanza na kemia ya moshi wenyewe.

Kinachotokea ndani ya injini

Petroli ni mchanganyiko wa haidrokaboni nyingi, lakini kwa hesabu za darasani oktani hutosha kuiwakilisha. Ikiungua kikamilifu, mlingano wake ni huu:

2C8H18 + 25O2 → 16CO2 + 18H2O

Moli moja ya oktani ina uzito wa gramu 114, nayo huhitaji moli 12.5 za oksijeni, yaani gramu 400. Hewa ina oksijeni kiasi cha asilimia 23 kwa uzito. Mwanafunzi akigawanya ataona kwamba gramu 114 za oktani zinahitaji takriban gramu 1,730 za hewa, yaani uzito wa hewa uwe kama mara 15 ya uzito wa mafuta. Kwa petroli ya kawaida, yenye haidrokaboni za aina mbalimbali, wahandisi hutumia uwiano wa 14.7 kwa 1. Namba hii ndiyo kompyuta ya injini huihangaikia wakati wote gari linapokwenda.

Hewa ikizidi, mchanganyiko husemwa kuwa hafifu. Mafuta yakizidi, husemwa kuwa mzito. Katika injini halisi uunguaji haukamiliki hata uwiano ukiwa sawa, kwa kuwa muda ni mfupi mno na kuta za silinda ni baridi kuliko mwako. Kwa hiyo hutoka kaboni monoksidi, hutoka haidrokaboni zisizoungua, na kwa sababu ya joto kali naitrojeni ya hewa huungana na oksijeni kufanya oksidi za naitrojeni. Mwanakemia Arie Haagen-Smit, aliyefanya kazi katika Taasisi ya Teknolojia ya California, ndiye aliyeonyesha mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwamba ukungu mchungu uliokuwa ukiwaliza macho watu wa Los Angeles ulitokana na haidrokaboni na oksidi za naitrojeni zikipigwa na mwanga wa jua. Jua la Unguja si dogo kuliko la California, ingawa upepo wa bahari huusaidia mji wa Unguja kwa namna ambayo milima iliyouzunguka mji wa Los Angeles hairuhusu.

Upepo huo hata hivyo hauingii kila mahali. Katika Mji Mkongwe, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, barabara chache zinazopitisha magari zimebanwa na majumba marefu. Majumba yenyewe yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na vyote viwili kwa asili ni kalsiamu kaboneti. Oksidi za naitrojeni zikikutana na unyevu wa hewa huishia kuwa asidi ya naitriki, na kila mwanafunzi aliyewahi kudondosha asidi juu ya kipande cha chokaa anajua kinachofuata:

CaCO3 + 2HNO3 → Ca(NO3)2 + H2O + CO2

Kalsiamu naitreti huyeyuka katika maji, na mvua ya masika huichukua. Basi moshi wa gari unadhuru mapafu ya muuza samaki wa Darajani, na pia unaula ukuta ulio nyuma yake.

Kigeuzi na walinzi wake wawili

Kifaa kilichobuniwa kupunguza madhara hayo ni kigeuzi cha moshi, ambacho mafundi hukiita katalisti. Mhandisi Mfaransa Eugene Houdry, aliyekuwa akiishi Marekani, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake katika miaka ya 1950, lakini hakikuenea mpaka magari ya modeli za mwaka 1975 nchini Marekani. Sababu kubwa ya kuchelewa huko ilikuwa risasi iliyotiwa katika petroli tangu miaka ya 1920: risasi huufunika uso wa kichocheo na kukiua. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliazimia huko Dakar mwaka 2001 kuachana na petroli ya risasi, na azimio hilo likatimizwa mwanzoni mwa mwaka 2006. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Kwa hiyo gari linalotia petroli Unguja leo halina kisingizio cha risasi.

Kwa ndani kigeuzi kinafanana na sega la nyuki. Ni jiwe la kauri lenye mamia ya vijitundu vilivyonyooka, na kuta za vijitundu hivyo zimepakwa tabaka jembamba lenye gramu chache za platinamu, paladiamu na rodiamu. Kikipata moto wa kiasi cha nyuzi 300 za Selsiasi, kigeuzi kizima huondoa zaidi ya asilimia 90 ya gesi tatu zilizotajwa. Kaboni monoksidi hupewa oksijeni ikawa kaboni dioksidi. Oksidi za naitrojeni hunyang'anywa oksijeni yao zikarudi kuwa naitrojeni. Kazi moja inataka oksijeni, ya pili inataka iondolewe. Zote mbili zitafanyika pamoja iwapo tu mchanganyiko unabaki karibu sana na 14.7, mara ukizidi kidogo, mara ukipungua kidogo. Ili kuvumilia mayumbo hayo, tabaka la kigeuzi huwa na oksidi ya seriamu, ambayo huhifadhi oksijeni inapozidi na kuitoa inapopungua, kama birika linavyopokea maji ya mvua na kuyatoa wakati wa ukame. Jambo hili la kuhifadhi oksijeni lishikwe vizuri, kwa maana utambuzi wote wa P0420 umesimama juu yake.

Anayeiambia kompyuta hali ya mchanganyiko ni kihisio cha oksijeni, au sensa kama wasemavyo mafundi. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ndiyo iliyokitengeneza, na gari la kwanza kuuzwa nacho lilikuwa Volvo, mwaka 1976. Ndani yake kuna kikombe cha oksidi ya zirkoniamu kilichopakwa platinamu. Upande mmoja wa kikombe unaguswa na hewa ya nje, upande wa pili na moshi. Kikiwa cha moto, ioni za oksijeni hupita katika kuta zake, na tofauti ya oksijeni baina ya pande mbili huzaa volti. Ni seli ya umeme kama zile za maabara, na mlingano wa Walther Nernst wanaojifunza wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita unaihusu moja kwa moja:

E = (RT/4F) ln(P1/P2)

P1 ni kanieneo ya oksijeni katika hewa, ambayo ni 0.21 ya atmosfia, na P2 ni ile ya katika moshi. Kwa joto la kelvini 1,000, RT/4F ni karibu volti 0.0215. Moshi wa mchanganyiko hafifu ukiwa na oksijeni ya 0.01 ya atmosfia, E inakuwa volti 0.07 hivi. Katika moshi wa mchanganyiko mzito oksijeni huru haipo kabisa kwa kipimo cha kawaida. Ikichukuliwa kuwa ni 10 kwa kipeo cha hasi 18 ya atmosfia, E inafika volti 0.86. Hivyo badiliko dogo la mafuta, kupita ng'ambo hii na ile ya 14.7, linairusha volti kutoka karibu 0.1 hadi karibu 0.9. Ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa kumwonyesha mwanafunzi kwamba logariti si adhabu ya mwalimu wa hesabu.

Gari lenye uwezo wa kutoa msimbo P0420 lina vihisio viwili, kimoja kabla ya kigeuzi na kimoja baada yake. Si kila gari lililotengenezwa kwa soko la Japani lina kile cha pili, na fundi anatakiwa kuchungulia chini ya gari kabla ya kuzungumza lolote. Kihisio cha mbele hurukaruka baina ya volti 0.1 na 0.9 kadiri kompyuta inavyoongeza na kupunguza mafuta. Cha nyuma, kigeuzi kikiwa kizima, hutulia karibu na volti 0.6 au 0.7, kwa kuwa mayumbo yote ya oksijeni yamemezwa na seriamu. Kigeuzi kikifa, mayumbo hupita yalivyo, na cha nyuma huanza kumwiga mwenzake wa mbele. Katika magari mengi ya karne hii, Toyota zikiwamo, kihisio cha mbele ni cha aina nyingine kisichorukaruka namna hiyo. Cha nyuma hata hivyo husomwa vile vile.

Msimbo unasema nini hasa

Herufi P huonyesha kwamba habari ni za injini au gia. Tarakimu ya 0 inayofuata huonyesha kwamba msimbo ni wa jumla, unaotumiwa na watengenezaji wote. Ingekuwa 1, ungekuwa wa mtengenezaji mmoja. Tarakimu ya 4 ni fungu la mitambo ya kuzuia moshi mchafu, ilhali 1 na 2 ni mafuta na hewa, na 3 ni uwashaji. Mpango huu wa pamoja ulilazimishwa nchini Marekani kwa magari mapya ya modeli za 1996, Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa magari madogo ya petroli, na ndiyo maana kifaa kimoja chenye plagi ya pini 16, kikichomekwa chini ya usukani na kuunganishwa na simu, kinaweza kusoma magari ya mataifa mbalimbali.

Maneno kamili ya P0420 ni kwamba ufanisi wa kigeuzi umeonekana uko chini ya kiwango. Neno la kutiliwa mkazo ni "umeonekana". Kompyuta haina jicho ndani ya kigeuzi. Inachokiona ni volti ya kihisio cha nyuma tu, na kutokana na volti hiyo inakisia. Volti hiyo ikiyumba kwa sababu nyingine yoyote, kompyuta itakilaumu kigeuzi, maana haina mwingine wa kumlaumu.

Na katika Unguja iko sababu nyingine iliyo karibu sana. Mlingano wa kuungua kwa oktani unaonyesha kwamba gramu 114 za mafuta huzaa gramu 162 za maji. Lita moja ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi. Mwanafunzi akikokotoa atapata zaidi ya kilo moja ya maji, yaani lita nzima ya maji kwa kila lita ya petroli. Katika safari ndefu maji hayo hutoka kama mvuke. Gari linalotoka Malindi kwenda Darajani na kurudi halipati moto wa kutosha, na maji hubaki ndani ya bomba la moshi yakichanganyika na asidi hafifu. Kwa nje, hewa ya bahari huleta chumvi, na chumvi huongeza upitishaji wa umeme katika unyevu ulio juu ya chuma, hivyo kutu hukimbia. Bomba linaliwa kutoka pande mbili. Mahali panapoanza kushindwa ni kwenye viungo, ambapo boliti ni nyembamba na gasketi hushika maji.

Tundu katika kiungo lingetarajiwa kutoa moshi nje tu. Lakini moshi hautoki katika injini kama maji ya mfereji. Hutoka kwa mapigo, na baada ya kila pigo kanieneo ndani ya bomba hushuka kwa muda mfupi chini ya ile ya nje. Wakati huo tundu huvuta hewa. Hewa hiyo ina oksijeni ya 0.21 ya atmosfia, na kihisio kilicho karibu nayo huona oksijeni nyingi isiyotoka katika injini wala katika kigeuzi. Volti yake hushuka na kupanda ovyo, na P0420 huandikwa.

Gari la mfano

Lichukuliwe gari la watu saba linalobeba wageni kutoka mjini kwenda Nungwi na Paje. Taa imewaka, msimbo ni P0420 peke yake. Mazungumzo ya gereji mara nyingi huwa hivi:

"Fundi, kifaa kimesema katalisti imekufa."

"Hakijasema hivyo, bwana. Kimesema hakiridhiki na kazi yake. Kwanza tuitazame kazi yenyewe."

Jambo la kwanza ni kutokuufuta msimbo. Pamoja na msimbo kompyuta huhifadhi picha ya hali ilivyokuwa wakati huo: kasi ya gari, mizunguko ya injini, joto la maji, mzigo. Kuufuta ni kuuchoma ushahidi kabla ya kesi. Picha hiyo inakiliwe kwenye karatasi.

La pili ni kuangalia kama kuna msimbo mwingine. Injini ikiwa inamisi, yaani silinda moja haiwashi vizuri, msimbo wa P0300 hadi P0304 huwapo katika injini ya silinda nne, na hapo kigeuzi ni majeruhi tu: petroli mbichi inafika ndani yake, inaungulia humo, na sega la kauri linaweza kuyeyuka. Taa inayowakawaka badala ya kuwaka moja kwa moja ndiyo onyo la hali hiyo, na dereva anapaswa kupunguza mwendo pale pale. Vivyo hivyo injini inayokula oili hukiua kigeuzi polepole kwa fosforasi iliyomo katika oili. Kubadili kigeuzi pasipo kutibu maradhi hayo ni kununua kigeuzi cha tatu mapema. Katika gari la mfano hakuna msimbo mwingine, oili haipungui, na marekebisho ya mafuta yanayosomwa katika kifaa ni asilimia 2 tu. Mchanganyiko basi ni sawa. Tatizo liko nyuma ya injini.

Zinabaki dhana mbili zenye uzito: kigeuzi kimekufa, au hewa inaingia karibu na kihisio cha nyuma. Iko na ya tatu, kwamba kihisio chenyewe kimechoka, lakini kihisio kilichochoka aghalabu huwa kizito, hakirukiruki. Ufundi wa kweli uko hapa, na ni ule ule wa maabara. Dhana mbili zikieleza jambo moja, hutafutwa hali ambamo zinatabiri mambo yaliyo kinyume.

Hali hiyo ipo. Injini ikinguruma papo hapo bila kukanyagwa, moshi ni kidogo na mapigo yameachana. Wakati huo tundu huvuta hewa kwa urahisi. Ikipandishwa mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika, moshi ni mwingi, mapigo yamefuatana, na kanieneo ndani ya bomba kwa kawaida hubaki juu; hewa haipati nafasi ya kuingia. Kwa hiyo kama kosa ni la tundu, volti ya nyuma itatulia injini inapoharakishwa. Kwa kigeuzi kilichokufa ni kinyume: moshi ukiwa mwingi, kila sehemu yake inakaa ndani ya sega kwa muda mfupi zaidi, na udhaifu wa kigeuzi unazidi kuonekana. Tena, kihisio kilicho nyuma ya kigeuzi kilichokufa humfuata mwenzake ruko kwa ruko, kikichelewa kidogo; kilicho karibu na tundu huruka bila kufuata mpangilio wa mwenzake, na huelemea upande wa chini.

Gari linapashwa moto kwa mwendo wa dakika 20, kisha linasomwa. Likinguruma papo hapo, volti ya nyuma inayumba baina ya 0.1 na 0.6 pasipo mpangilio. Kwa mizunguko 2,500 inapanda na kutulia kwenye 0.68. Dhana ya tundu imeshinda, ingawa bado haijathibitishwa.

Uthibitisho unataka injini iliyopoa. Gari linaachwa mpaka kesho yake, linainuliwa na kuwekewa vigogo imara, kisha linawashwa asubuhi lingali baridi. Msaidizi anaziba mdomo wa bomba kwa nusu, kwa kitambaa kilicholowa, huku fundi akipaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo kwa burashi. Kazi hii ifanyike uwanjani, kamwe isifanyike ndani ya banda lililofungwa wala katika kichochoro. Kigeuzi baridi hakifanyi kazi, na kaboni monoksidi inayotoka, isiyo na rangi wala harufu, hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Katika gari la mfano mapovu yanafoka kwenye kiungo kilicho mara tu baada ya kigeuzi, sentimita chache mbele ya kihisio cha pili. Gasketi imeliwa upande mmoja, na moja kati ya boliti mbili zenye springi imekatika kwa kutu.

Matengenezo yenyewe hayana mengi ya kueleza. Boliti zilizoota kutu zinalowekwa mafuta ya kulainisha usiku kucha ili zisikatikie ndani, nyuso za kiungo zinasuguliwa mpaka ziwe bapa, gasketi mpya inawekwa, na boliti mpya zinakazwa kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule. Gundi ya silikoni ya kawaida isitumiwe: mvuke wake hukiharibu kihisio. Gharama ni sehemu ndogo sana ya bei ya kigeuzi.

Wapo watakaouliza kwa nini kigeuzi kisikatwe tu, bomba likaunganishwa kwa kipande cha chuma, na kihisio cha nyuma kikadanganywa kwa kukisogeza nje ya moshi. Gari litakwenda, na taa itazimika. Soko la platinamu na rodiamu nalo humshawishi mtu, maana kigeuzi kilichokatwa kina thamani, na katika nchi nyingi vimekuwa vikiibwa usiku chini ya magari yaliyoegeshwa. Lakini mwenye gari aliyefanya hivyo ameuza kilichokuwa kikilinda vifua vya watu wengine, kisha ameifumba macho kompyuta iliyowekwa ili imwonye. Siku injini yake itakapoanza kula mafuta kwa kosa jingine la moshi, mlinzi mmoja kati ya wawili hatakuwapo.

Matengenezo yakiisha, msimbo unafutwa, lakini kuzimika kwa taa baada ya kufuta hakuthibitishi lolote, kwa kuwa kompyuta imesahau na haijapima upya. Jaribio la kigeuzi hufanyika gari likiwa na moto na likienda kwa mwendo usiobadilika kwa muda, na kosa huhitaji kuonekana katika safari mbili ndipo taa iwake. Barabara ya kwenda Paje, kiasi cha kilomita 50 kutoka mjini, inafaa kwa kazi hii, isipokuwa pale Jozani ambapo matuta yamewekwa kwa ajili ya kima punju wanaovuka njia, na dereva mwenye akili hupunguza mwendo hata asipoyaona matuta. Kifaa kinaachwa kimechomekwa. Safari ya kwenda, orodha ya majaribio inaonyesha kwamba lile la kigeuzi limekamilika. Volti ya nyuma imesimama kwenye 0.7, gari likienda na gari likisimama. Siku ya pili safari inarudiwa, na msimbo haurudi.

Kwa mwalimu anayetaka kulifanya somo hili kwa vitendo, gari moja lililo zima lenye vihisio viwili linatosha. Wanafunzi waandike volti ya nyuma kila sekunde tano kwa dakika tatu injini ikinguruma papo hapo, kisha kwa dakika tatu nyingine kwa mizunguko 2,500, wachore grafu mbili katika karatasi moja. Wanafunzi wa kidato cha sita watumie mlingano wa Nernst kukokotoa kanieneo ya oksijeni inayolingana na volti 0.70 kwa kelvini 900. Jibu litakuwa dogo kiasi cha kuwashangaza, na wataelewa kwa nini hewa kidogo sana inayopenya katika tundu la boliti iliyokatika inatosha kukisingizia kigeuzi kizima.